Mkorosho wa Nyuma ya Kichuguu

Narung'ombe, jua likiwa bado juu ya paa la jirani

Mwanangu Somoe,

Barua huanza kwa kuuliza hali ya mtu aliye mbali. Hali yako naiona. Umekaa uani kwenye mkeka, jirani anakusuka nywele, unamlalamikia kwamba anavuta sana, na mama yako anazikunja upya khanga alizokwisha kuzikunja. Mimi niko hapa upenuni na kalamu ya kuazima. Ukigeuza shingo utaniona, lakini usigeuze, utaharibiwa mstari.

Utajiuliza mjomba kapatwa na nini, kumwandikia barua mtu anayeweza kumwita akaitika. Sababu ni mdomo wangu. Unaujua. Nikianza kusema jambo la maana, tembo anaingia. Yule tembo wa njia ya Nanganga, niliyekutana naye nikiwa na baiskeli, nikampigia kengele akapisha. Ulipokuwa mdogo alipisha tu. Ulipofika darasa la tatu alikuwa ameanza kuinamisha kichwa. Siku hizi nikimsimulia, ananisaidia kusukuma baiskeli mlimani. Kwa mdomo siwezi kumzuia. Kwenye karatasi angalau namwona anakuja, na kwa vile shule yenyewe niliiacha darasa la tano, naandika polepole, na tembo hapendi kusubiri.

Mambo ya sweta, ya nauli, ya kutokula chakula cha mtu usiyemjua ndani ya basi, mama yako ameshakuambia na kesho alfajiri stendi ya Ruangwa atakuambia tena. Mimi nina moja tu, lile ulilolisema jana kwenye dua ya kukuaga.

Watu wameshakula pilau, shehe ana kikombe cha chai mkononi, wewe ukasimama. "Mjomba," ukasema, "mshahara wangu wa kwanza ukitoka tu, naenda kukopa kwa dhamana ya mshahara. Nakomboa mikorosho yote ya bibi kwa mkupuo. Msimu ujao nataka mama aokote korosho zake mwenyewe."

Vigelegele vikapigwa mpaka kuku wakakimbia. Na mimi, unakumbuka nilivyofanya? Niliruka juu kama kijana. "Mmeona? Si niliwaambia? Huyu nimemlea mimi! Huyu akienda huko Kahama, wagonjwa watapona kwa kumwona tu!" Watu wakacheka, nikashikwa mikono, nikajisikia mkubwa.

Halafu watu wakaondoka, nikabaki nakusanya viti vya kuazima, nikakikalia kimoja, Somoe. Maana sauti yako niliifahamu. Ilikuwa sauti yangu. Hivyo hivyo nilisimama mimi, mbele ya watu, vigelegele vikapigwa, na ndiyo tuko hapa.

Usikope, mwanangu. Hilo ndilo neno. Yanayofuata ni ya kukueleza kwa nini, maana najua hukubali neno lisilo na maelezo, na hilo kweli nimekulea mimi.

Tuanze kwenye ngoma yako. Ulikuwa mdogo, mnakaribia kutolewa unyago, na mimi ndiye mjomba. Kwa sisi Wamwera baba anaweza kuwa hayupo na ngoma ikachezwa, kama baba yako alivyokuwa hayupo. Mjomba asipokuwepo, haichezwi. Na ile wiki iliyotangulia, mjomba mwingine hapo ng'ambo ya mto alikuwa amechinja ng'ombe mzima kwa ajili ya mpwa wake, si mbuzi kama ilivyozoeleka. Watu walikuwa bado wanachokonoa meno wakisifia. Nikawapita kibarazani, mmoja akanitania, "Bakari, kwako tutakula nini? Ile hadithi ya tembo?"

Wallahi, laiti ningecheka tu nikapita zangu.

Siku hizo ndiyo Baba Kulwa alikuwa amefika na ng'ombe wake kutoka Usukumani, kambi yake ukipita bondeni. Hakuna aliyemjua, watu wanamwogopa na ng'ombe wake kwa sababu ya mashamba. Nikamwendea mimi. Nikamsalimia kama ndugu, nikamwambia nataka madume wawili.

"Fedha?" akauliza.

"Fedha ipo juu ya miti," nikamwambia. "Mimi nina mikorosho kutoka hapa mpaka macho yanapochoka."

Akatazama nilikoonyesha. Miti, nadhani, iliisha kabla macho yake hayajachoka. "Mimi miti siijui, bhana," akasema. "Mimi najua ng'ombe. Lakini kama huo mti unazaa kila mwaka na hauli majani ya mtu, basi nipe huo."

Tukaandikiana kwa mwenyekiti wa kitongoji. Rehani. Madume wawili na fedha taslimu juu yake, kwa mikorosho ya bibi yako. Ile ambayo mama yako na wewe ndio wenyewe, mimi mwangalizi tu. Niliweka rehani kitu ambacho kazi yangu ilikuwa kukilinda. Mama yako aliambiwa baada ya ng'ombe kufika uani. Alimshika dume mmoja kwenye pembe, akamwachia, akaingia ndani kupika.

Ngoma ikachezwa! Spika zililetwa na lori kutoka Masasi, jenereta likaunguruma mpaka kukakucha, na mimi nikapita nawatuza wacheza ngoma, noti nawabandika kwenye paji la uso, nikipiga kelele, "Leo mtamjua mjomba ni nani!" Watu hapa huwa wanasema mikorosho ililiwa na ngoma ya Somoe. Najua umesikia, na najua ndiyo inayokufanya utake kukopa. Sasa nisikilize vizuri. Ngoma yako ilikuwa inatoshwa na mbuzi wawili na michango ya ndugu. Mbuzi walikuwepo. Wewe mikorosho hukuila hata jani. Ililiwa na huyu anayeandika, siku moja, kwa mdomo wazi.

Rehani ya miti, kama hukuwahi kuelezwa, iko hivi. Mwenye kushika rehani anaokota korosho kila msimu mpaka siku utakapomrudishia fedha yake yote kwa pamoja. Alizookota hazipunguzi deni. Ni kama mtu amelala kitandani kwako, na hata alale miaka, wewe bado unadaiwa kitanda kilekile. Si kosa la Baba Kulwa, ndivyo tulivyoandikiana, na ndivyo wanavyofanya Waswahili wenzetu pia.

Kila msimu ukifika, mama yako anakwenda chini ya mikorosho ile kuokota mabibo. Kwetu bibo halina mwenyewe, mwenye mti anataka korosho. Anaokota bibo, ananyofoa korosho, anaiweka kwenye rundo la watoto wa Baba Kulwa, bibo anatia kwenye ndoo yake. Rundo la korosho linakua, zake, alizopandiwa na mama yake, anawakusanyia watu. Mimi nilikuwa napita njia nyingine. Nawaambia watu njia ile ina nyoka.

Usidhani sikujaribu kulipa. Nilijaribu, tena kwa nguvu, na hapo ndipo palipo na funzo, kama lipo.

Mwaka mmoja ufuta ulikubali. Niliuza vizuri mnadani, nikasema sitakula hata senti, yote ni ya kukomboa. Nikaiweka kwenye kopo, nikalichimbia chini ya kitanda. Niliacha sukari, niliacha soda, nilivaa kandambili zilizoungwa kwa waya. Kila aliyenipita nilimwambia, "Mwakani mikorosho yetu." Ilibaki kidogo sana kutimia. Halafu mama yako akaugua ule ugonjwa wa tumbo, tukampeleka Nachingwea, akafanyiwa upasuaji, kopo likaisha. Hilo silijutii hata kidogo. Ila kopo lilikuwa moja. Ya mikorosho, ya ugonjwa, ya salfa ya kupulizia ule mti mmoja niliobaki nao kwangu, ya njaa ya masika, yote kopo moja. Ikitoka kwa jambo moja imetoka kwa yote. Tulipotoka hospitali sina hata ya chumvi, na masika ndiyo yanaanza.

Na masika ndipo wanapokuja vijana wa kangomba. Hawa unawajua, wanakununulia korosho kabla hata mti haujatoa maua, kwa bei ya kutupa, kwa sababu wanajua sufuria yako ni tupu. Niliuza. Msimu ulipofika nilivuna korosho ambazo nilikuwa nimeshazila miezi mingi nyuma. Hakuna kazi inayochosha kama kuokota kitu ulichokwisha kukila.

Basi mwanaume nikakasirika. Nikasema haya ya kopo ni ya kike, dawa ya deni kubwa ni pesa kubwa. Nikakopa mjini Nachingwea, kwa wale wa mikopo tunayoiita kausha damu, nikaenda Namungo kuingia ubia kwenye shimo la dhahabu.

Hapa tembo anataka kuingia, namwona. Wewe na kijiji kizima mmesikia kwamba nilipata dhahabu saizi ya kwato ya mbuzi, nikaibiwa nikiwa usingizini. Hakukuwa na kwato. Kulikuwa na vumbi, na shimo lililojaa maji mvua ya kwanza tu iliponyesha, na wabia wenzangu kila mmoja ana deni lake analolikimbia. Jioni tulikuwa tunakaa tunabishana habari za mpira mpaka sauti zinakauka, maana ukinyamaza unaanza kupiga hesabu. Niliuza simu nikapata nauli.

Kilichofuata ulikiona mwenyewe, ulikuwa kidato cha pili. Walikuja na pikipiki mbili. Walitazama ndani, wakaona mimi sina kitu cha kuchukuliwa, wakamtazama mama yako. Walibeba cherehani. Ilikuwa na nguo ya mteja bado imebanwa kwenye sindano, sketi ya shule ya mtoto wa watu. Mama yako akawaambia, "Subirini." Wakasubiri. Akaishona ile sketi mpaka pindo lilipoisha, akakata uzi kwa meno, akaichomoa, akasema, "Haya, chukueni."

Wewe ulikuwa umesimama mlangoni na daftari. Uliniangalia mimi, hukuwaangalia wao. 

Mpaka leo mama yako anashona kwa mkono. Jirani akianza kukanyaga cherehani yake, yeye huinuka akaenda kutafuta jambo la kufanya nyuma ya nyumba.

Sasa haya ya miti kurudi. Wewe ulikuwa chuoni, hukuona ilivyokuwa, ukaelezwa na mimi, na nilivyokueleza ni kwamba nilimtisha Baba Kulwa mpaka akatetemeka. Ilikuwa hivi.

Jioni moja mama yako alisema, huku anapepeta mchele, wala hajaniangalia, "Kaka, kwani lazima irudi yote?"

"Rehani ni rehani," nikamwambia. "Yote au hakuna."

"Umemuuliza?"

Sikuwa nimemuuliza. Miaka yote hiyo nimeongea na kila mtu kuhusu deni lile isipokuwa mwenyewe anayetudai. Nilikuwa naona kwenda kwa mtu na fedha pungufu ni kuvua nguo. Mama yako akajifunga khanga, akafundika pembeni fedha zake za kushona kwa mkono, tukaenda.

Baba Kulwa alikuwa anakamua. Nikaanza na habari za tembo, mama yako akanikanyaga mguu.

"Baba Kulwa," akasema, "tunataka kukomboa mti mmoja."

"Mmoja?"

"Mmoja. Tukipata tena, mwingine."

Yule bwana akacheka mpaka ng'ombe akasogea. "Nyie Wamwera! Mlikula madume wawili kwa siku moja, leo mnataka kuwatapika kipande kipande?"

"Ndiyo," mama yako akasema. "Na wewe miti mwenyewe huipalilii. Nusu imeshikwa na magugu. Mwakani utaokota mabibo kama mimi."

Baba Kulwa akaweka ndoo ya maziwa chini. Kisha akanigeukia mimi. "Bakari, mwaka ule uliuza ufuta, ulipata fedha. Kwa nini hukuja?"

"Haikutimia."

"Sisi kwetu deni linalipwa kwa dume," akasema. "Mtamba haguswi. Hata kama anayekudai amelala mlangoni, mtamba anabaki zizini, kwa sababu mtamba ndiye atakayekuzalia dume la kulipia deni la mwakani. Wewe kila mara unataka kuleta zizi zima, halafu ukipungukiwa unarudi nalo, linafia njiani." Akanyoosha mkono kwa mama yako, si kwangu. "Chagueni mti."

Hapo tukagombana mimi na mama yako, palepale shambani. Mimi nilitaka ule mkubwa wa barabarani, unaoonekana na kila anayepita kwa pikipiki. Nilishaanza kusikia watu wakisema, "Bakari amekomboa." Mama yako akasema ule umeshazeeka, unajaza majani tu. Alitaka mmoja uko ndani kabisa, nyuma ya kichuguu, umepinda kama mzee anayetafuta kitu alichodondosha, huwezi kuuona mpaka uingie shambani. "Huu unazaa," akasema. "Kila mwaka nanyofoa hapa ndoo zinajaa."

"Lakini hakuna atakayeuona!"

"Korosho zitauona mnada, kaka."

Ukakombolewa wa kichuguu. Na zilipouzwa korosho zake msimu ule, mama yako aliweka makopo mawili mezani. La kwanza la mti unaofuata. La pili la salfa, la ugonjwa, la masika. Mimi nikapigana. Nikamwambia dada, tuna deni, unawekaje akiba na una deni? Tutie zote kwenye mti! Akaniambia, "Tulitia zote, cherehani ikabebwa." Ni mara moja tu amelitamka hilo. Hakurudia, wala hakuhitaji.

Basi tukafanya hivyo. Kiasi kwenda kwenye deni, kiasi kubaki, hata kama cha kubaki ni cha kuchekesha. Masika ya mwaka ule nikaumwa homa, tukatoa kopo la pili. Upepo ukang'oa bati, kopo la pili. Kijana wa kangomba alipopita, kwa mara ya kwanza tangu ngoma yako ichezwe, nilimwambia hapana na sufuria ilikuwa na kitu. Kopo la kwanza halikuguswa. Msimu uliofuata, mti wa pili. Mwaka jana, wa tatu. Mingine bado ni mingi, iko kwa Baba Kulwa.

Na unajua kilichonitesa zaidi? Haina hadithi. Nimekaa kibarazani, watu wananiuliza, "Bakari, tuambie." Nitawaambia nini? Kwamba nilitia fedha kidogo kwenye kopo, na mwezi uliofuata nikatia tena? Tembo ukimweka humo anasinzia. Kukopa kuna vigelegele, kuna spika kutoka Masasi. Kulipa hakuna ngoma. Unalipa leo, kesho jua linachomoza vilevile, hakuna anayekupa mkono. Nimechoka, Somoe. Sijachoka kama mtu aliyelima, aliyelima anaona tuta. Nimechoka kama mtu anayepanda mlima kwenye ukungu, anajua anapanda kwa sababu tu magoti yanauma.

Wala usidhani nimepona. Juma lililopita niliaga naenda Nachingwea kununua jembe. Jembe hamkuliona. Nilikwenda kwa wale wale wa kausha damu. Nilitaka nikuage kwa heshima, mpwa wangu muuguzi, nikodi gari dogo likupeleke mpaka stendi na maturubai yafungwe uani, watu walishwe, wajue. Nilikaa kwenye benchi lao. Yule binti wa mezani akainua macho, akatabasamu. "Karibu tena, mzee Bakari."

Karibu tena! Alinikumbuka jina. Kijiji kizima hakinikumbuki vizuri hivyo. Nikamwambia nimepita kusalimia, nikainuka, nikatembea mpaka sokoni, nikala muhogo wa kuchoma nimesimama.

Ndiyo maana jana kulikuwa na pilau kwa sahani tu na viti vya kuazima, na kesho utapanda pikipiki na sanduku lako mapajani.

Nimeacha kuandika kidogo, umeona. Kijana wa kangomba amepita, yule mwenye miwani ya jua.

"Mjomba, niaje? Nasikia binti anasepa, hongera! Si unahitaji kidogo ya kumuaga? Ni korosho za msimu ujao tu, mjomba, ambazo bado hazipo. Unauza kitu ambacho hakipo, kuna biashara rahisi kama hiyo?"

"Nimewahi kuifanya," nikamwambia. "Ikaja kuwepo."

Amecheka, amewasha pikipiki. Atarudi masika yakikolea. Anajua kazi yake.

Sasa nirudi kwako kabla jua halijaniacha. Ukikopa kwa mshahara, mikorosho itarudi, kweli. Msimu wa kwanza tutaimba. Lakini deni litakuwa halijafa, limehama nyumba tu, limetoka kwa Baba Kulwa ambaye anakubali kutania, limekwenda Kahama kukaa na wewe kwenye chumba cha kupanga, na linakatwa kabla mshahara haujakufikia mkononi. Siku utakayoumwa huko, mgeni, kopo lako ni moja na lina tundu. Utakopa mwingine. Nakujua, hutatuambia. Utapiga simu ucheke, useme hali nzuri, mjomba. Utamtengeneza tembo wako.

Mimi sitaki fedha zako? Sijawa malaika, mwanangu, nazitaka. Tuma. Lakini ukipokea, kwanza toa ya kopo lako wewe, la kubaki huko huko, mtamba wako. Ya kula, ya kodi. Halafu kinachosalia, hata kiwe cha kuchekesha, tuma kwa mama yako, si kwangu, yeye ndiye anayekaa na makopo. Msimu usipokuwa na mti, usiwe na mti. Tutachelewa. Miti imepandwa na bibi yako, imezoea kusubiri watu.

Na ukiulizwa na wale waliopiga vigelegele jana, "Mbona hujakomboa?", waambie mjomba amekukataza. Watasema Bakari anaogopa aibu ya kukombolewa na mtoto wa kike. Waache waseme. Mimi nimesema ya kwangu mengi kijijini hapa, wana haki ya zamu yao.

Baba Kulwa amenituma nikuambie kwamba huko uendako ni karibu na kwao, na asubuhi ukikutana na mtu mzima useme "mwangaluka" hata kama una haraka. Anasema ukisalimia vizuri utapata maziwa. Nimemjibu kwamba wewe hata usiposalimia, ng'ombe wenyewe watakuletea. Hilo limenitoka kabla sijalizuia.

Amemaliza kukusuka. Umependeza, ingawa upande mmoja naona umekuzidi mwingine, usimwambie.

Chini ya khanga za mama yako, pembeni ya sanduku, kuna mfuko wa karatasi. Ni korosho za ule mkorosho wa nyuma ya kichuguu. Nilizitoa kabla ya kupeleka ghalani, nikazibangua mwenyewe, ndiyo maana juzi ulinicheka vidole vyeusi, na mama yako amezikaanga kwa chumvi. Zote ulizowahi kula tangu uvunje ungo zilikuwa za kupewa au za kuombwa. Hizi ni zako.

Wagawie wenzako kazini, wataziomba tu, ni tamu. Na wakikuuliza zimetoka wapi, usiwaambie mjomba wako ana shamba kutoka hapa mpaka macho yanapochoka. Waambie ni za mti mmoja.

Mjomba wako,
Bakari